Pistole ya upepo au ya betri? Hesabu kwanza umeme wa parseli yako

Papa mmoja wa Himbi, hapa Goma, alinipigia simu Jumamosi asubuhi. Alikuwa amenunua kompresa ya lita 24, mpira wake na pistole ya upepo ya nusu inchi, ili abadilishe mwenyewe matairi ya RAV4 yake ndani ya parseli, yaani kiwanja cha nyumba yake. Nati mbili zilifunguka vizuri. Ya tatu pistole iliigonga, ikaigonga, kisha ikaanza kuzunguka polepole kama feni iliyozimwa. "Fundi, wameniuzia kitu kibovu," akaniambia. Nilikwenda kuangalia. Pistole ilikuwa nzima, na kompresa ilikuwa nzima. Kilichopungua ni upepo, na hilo lingejulikana kwa kalamu na karatasi kabla hajatoa dola hata moja. Nimeona kisa hiki mara nyingi mno katika mji wetu, ndiyo maana leo nataka tuifanye ile hesabu pamoja.

Pistole ninayoisema ni ile mashine ya kufungua na kukaza nati kwa kugonga. Ndani yake mna nyundo ya chuma inayozungushwa na mota. Nati ikikataa, nyundo inajiachia, inachukua kasi, inapiga mhimili ulioshika duyi (kile kikombe cha chuma kinachovaa nati), inajiachia tena, mapigo mengi kwa sekunde moja. Ndiyo sababu mkono wako haupindwi hata nati ikiwa ngumu sana. Ya upepo na ya betri zinagonga kwa namna hiyohiyo. Tofauti ni kinachoizungusha mota: hewa inayosukuma vibao vyembamba ndani ya silinda ndogo, au umeme.

Sasa hesabu ya yule papa. Tangi lake la lita 24 hujaa hadi bar 8 (bar ni kipimo cha msukumo wa hewa). Pistole inataka kama bar 6 ili igonge sawasawa. Upepo wenye faida basi ni ule wa kutoka 8 kushuka 6, yaani bar 2 mara lita 24: lita 48 za hewa ya kawaida. Pistole ya nusu inchi, ukibana kifyatulio bila kukiachia, hula lita 500 na zaidi kwa dakika. Gawanya, utapata sekunde sita hivi. Kompresa inaendelea kusukuma wakati huo, kwa hiyo ongeza sekunde moja. Tangi la lita 100 lingempa sekunde 24, na hapo kazi inafanyika.

Lakini kartoni ya pistole ilimwambia lita 120 kwa dakika! Ndiyo, na hiyo namba si uongo. Ni wastani wa mtu anayebana kidogo na kupumzika sana, kama mfanyakazi anayefungua nati laini moja baada ya nyingine. Kartoni ya kompresa nayo mara nyingi huandika hewa inayovutwa na pistoni, si ile inayofika kwenye mpira, na kati ya hizo mbili theluthi moja inaweza kupotea. Ukilinganisha namba hizo mbili dukani utaona zinaelewana. Kwenye gurudumu hazielewani.

Kisha kuna jambo letu sisi wa Goma. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapa ni kama asilimia 85 ya ule wa Mombasa au Dar es Salaam. Pistoni ya kompresa inameza ujazo uleule, ila hewa iliyomo ni nyepesi zaidi, hivyo tangi linachelewa kujaa. Injini ya petroli ya grupu, yaani jenereta, inapumua hewa hiyohiyo, na huwa imepoteza karibu asilimia 15 ya nguvu iliyoandikwa juu yake. Mota ya umeme ya pistole ya betri haijali urefu wa mlima.

Umeme wenyewe ndio unaoamua zaidi. Mota ya kompresa ya farasi 2 inakula watt 1,500 ikiwa inazunguka, lakini wakati wa kuanza inadai mara tatu ya hapo au zaidi. Jioni, volti zikishuka kutoka 220 hadi 180, nguvu ya kuanzia inashuka kwa mraba wa volti: inabaki theluthi mbili tu. Mota inanguruma, haizunguki, inapata moto, na usipoizima haraka waya zake zinaungua. Nimefungua kompresa nyingi za nyumbani zilizokufa kifo hicho, na mwenye mali kila mara alidhani aliuziwa bidhaa mbaya. Grupu ya kVA 1, ile ndogo ambayo familia nyingi wanayo, haiwezi kuiamsha kompresa hiyo hata kidogo. Sharja ya betri inakula kama watt 250, na grupu hiyohiyo inailisha bila taabu. Betri ya volti 18 yenye Ah 5 (Ah ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) ina watt-saa 90. Unaijaza usiku umeme ukiwepo, na mchana umeme ukikatika kazi yako inaendelea.

Kwa mtu mwenye gari moja au mawili nyumbani, mimi nasema nunua ya betri, na simungunyi maneno.

Nguvu kiasi gani? Toyota inataka nati za RAV4 na Corolla zikazwe kwa N·m 103 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Land Cruiser ya familia ya 70 yenye rimu za chuma inataka 209. Ukisoma hivyo utadhani pistole ndogo inatosha, kwa mfano Makita DTW300 ambayo hukaza hadi 330. Inatosha ikiwa nati zako zimekazwa na mtu mwenye kle dinamometrike, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Lakini wengi wetu matairi yetu yamepita kwa kijana wa kwado, mziba matairi wa kando ya barabara, na kijana huyo anakaza kwa bomba. Mtu wa kilo 80 akiegemea mwisho wa bomba la mita moja anaweka karibu N·m 780. Ongeza kutu ya misimu miwili ya mvua. Kwa hiyo tafuta pistole ya 700 hadi 1,000. Na uliza swali moja dukani: namba hii ni ya kukaza au ya kufungua? Makita DTW1002, kwa mfano, ina 1,000 ya kukaza na 1,600 ya kufungua. Muuzaji atakutajia kubwa.

Betri bandia ni janga. Zimejaa, na stika yake inafanana kabisa na ya kweli. Betri ya volti 18 yenye Ah 5 kwa kawaida ina seli 10 ndani, mistari miwili ya seli tano tano, na uzito wake ni gramu 600 hivi. Ya Ah 2 ina seli tano tu. Shika moja mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto: kama ile iliyoandikwa 5 ni nyepesi sawa na ya 2, irudishe kwenye meza. Ukishapata ya kweli, usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, wala usiiweke kabatini miezi mingi ikiwa tupu kabisa.

Upepo haujashindwa kila mahali. Garaji inayopokea malori ya barabara ya Rutshuru, yenye nati kumi kwa gurudumu na kila moja ikitaka kama N·m 600, inahitaji pistole kubwa ya inchi moja, kompresa nzito na mpira mpana. Pistole ya upepo ni nyepesi mkononi, haichoki, na ukiitilia matone mawili matatu ya mafuta kila asubuhi inaishi miaka mingi. Kinachoiua ni maji. Hewa yetu ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, unaogeuka maji ndani ya tangi, kwa hiyo fungua kizibo cha chini kila jioni mpaka maji yaishe. Hili si la pistole tu. Tangi linaloliwa na kutu kutoka ndani linaweza kupasuka, na hapo mtu anakufa.

Duyi ziwe zile nyeusi za kugongwa. Zile zinazong'aa za kle ya mkono hupasuka, na kipande kinaweza kuruka hadi jichoni.

Kukaza ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko kufungua. Anza kila nati kwa vidole mpaka ishike uzi, kisha pistole kwa nguvu ndogo, muda mfupi tu, halafu umalize kwa kle dinamometrike, kwa kuvuka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili. Buloni iliyovutwa kupita kiasi haionyeshi kitu siku hiyo. Inakatika baadaye, gari likirukaruka juu ya makoro (mawe ya volkano), usiku, watoto wakiwa nyuma. Baada ya kilomita 50 hadi 100 pima tena.

Yule papa hakutupa kompresa yake. Kwa kujaza matairi inafaa sana, na kwa kupuliza filta ya hewa pia, kwa sababu vumbi jeusi la barabara zetu huziba filta mapema: bar 2 tu, ukipuliza kutoka ndani kwenda nje. Pistole ya upepo alimwachia mpwa wake mwenye tangi la lita 200. Nati ya tatu niliifungua kwa pistole yangu ya betri, na ilichukua sekunde nne. Ya nne na ya tano alizifungua yeye mwenyewe.