Kibali cha mapambo ya sikukuu hakiulizi dini yako

Ikifika Novemba, korosho zikiwa mnadani na wakulima wameanza kulipwa, simu za kitengo chetu cha sheria katika halmashauri huanza kulia kwa jambo lilelile. Mmoja anauliza inakuwaje nyota ya Krismasi iwekwe kwenye kiplefti wakati Serikali haina dini. Mwingine anataka kujua bendera za Maulid zilizoachwa nguzoni zitashushwa lini na nani. Wa tatu haulizi kitu. Anatoa taarifa tu kwamba vijana wa kigango wameshachimba mashimo manne pembeni ya lami na wanasubiri nguzo.

Nimeombwa niandike ufafanuzi huu kabla msimu haujapamba moto. Ninachoeleza ni utaratibu wa jumla kwa wenzetu wa Mtwara na Lindi. Pale sheria ndogo za halmashauri yako zinapoelekeza tofauti, fuata hizo.

Tuanze na neno linalotumika vibaya kuliko yote. Ibara ya 3(1) ya Katiba ya 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Hawafiki Ibara ya 19, inayosema kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wala hawafiki Ibara ya 30, inayokumbusha kwamba haki ya mmoja haitumiki kukanyaga haki ya mwingine. Ukizisoma zote tatu kwa pamoja, asiye na dini ni dola. Barabara haikuambiwa iwe na dini wala isiwe nayo, na wewe unayepita hapo hukuambiwa uiache nyumbani.

Kwa hiyo nyota, pango la kuzaliwa Yesu, mti, bendera ya kijani, tao la makuti na bango la kitambaa la Ramadhani Karimu havikatazwi kwa sababu tu vimeonekana mahali pa wazi. Nimelieleza hili kwenye mikutano ya mitaa mara nyingi kiasi kwamba naweza kulisema usingizini, na bado wiki inayofuata barua inakuja ikidai "yaondolewe yote".

Upande wa pili upo na wenyewe una kosa lake. Nikiwa Mikindani naambiwa, "Mwanasheria, huku ni pwani, Maulid haiombewi ruhusa." Nikipanda Masasi au Ndanda nasikia wimbo huohuo kwa sauti nyingine: misheni ya Masasi ipo tangu 1876, abasia ya Ndanda tangu 1906, sasa leo kweli tuombe kibali cha pango? Ndiyo, mnaomba. Wingi wenu na ukongwe wenu haviandikwi popote kwenye fomu. Kinachoandikwa ni mahali, ukubwa, tarehe ya kuweka, tarehe ya kutoa, na jina la atakayepigiwa simu kitu kikianguka usiku.

Utaratibu wenyewe uko hivi, na naomba usomwe polepole kwa sababu hapa ndipo maombi mengi hukwama. Barua iandikwe na uongozi wa taasisi ya dini kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha kwa mtendaji wa kata, na kila mmoja agonge muhuri na kuandika maoni yake. Muhuri bila maoni hurudishwa. Ambatisha mchoro, hata wa kalamu kwenye karatasi ya daftari, unaoonyesha pambo litakaa wapi ukilinganisha na barabara, nguzo za umeme na milango ya maduka. Leta mapema, wiki mbili kabla au zaidi, kwa sababu mara nyingi barua yako haiishii kwetu.

Ikiwa eneo liko kwenye barabara kuu au ya mkoa, tuseme ile inayotoka Dar es Salaam kupitia Lindi au inayokwenda Masasi, mwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, ni TANROADS, wakala wa Serikali wa barabara hizo, na sisi hatuwezi kukupa kisicho chetu. Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ya barabara kuu inafika mita 30 kila upande kutoka katikati. Watu hudhani barabara inaishia pale lami inapoishia. Wale vijana wa mashimo manne walikuwa ndani ya hifadhi kwa hatua nyingi tu. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA. Nguzo za umeme ni za TANESCO na hazifungwi kitu, iwe uzi, bendera au taa. Desemba kwetu mvua ndiyo zinaanza, na nimewahi kuona waya wa taa za kumetameta uliotolewa dirishani mwa duka, ukaungwa kwa tepu ya nailoni na kuzungushwa kwenye bomba la chuma ambalo watoto walikuwa wanalishika wakicheza. Mwenye duka alikasirika tulipoukata. Alisema tunaionea dini yake. Dini yake sikuijua mpaka aliponiambia.

Kama kuna zafa au maandamano ya kidini yatakayopita barabarani, hiyo ni taarifa nyingine tofauti, kwa maandishi, kwa ofisa wa Polisi mwenye eneo, si chini ya saa 48 kabla. Kibali cha mapambo hakibebi maandamano. Kibali cha mapambo hakibebi spika pia. Kelele zina kanuni zake chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na wasimamizi wake, NEMC, wana ofisi ya kanda hapahapa Mtwara. Ada, kama sheria ndogo za eneo lako zinaitaja, hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Akija mtu na kitabu cha risiti mfukoni, muulize kitambulisho halafu utupigie.

Anayeweka bila kibali hupewa kwanza ilani ya maandishi yenye muda wa kuondoa. Muda ukipita, halmashauri huondoa yenyewe na gharama ni za aliyeweka. Akikiri kosa, sheria ndogo nyingi zinaruhusu kosa lififilishwe: anajaza fomu, analipa kiwango kilichoandikwa kwenye jedwali, na jambo linaishia ofisini bila kufika mahakamani. Akikataa, anafikishwa mahakamani kama mkosaji mwingine yeyote wa sheria ndogo. Kufifilisha kosa ni hiari ya pande zote mbili, kwa hiyo asije mtu akadai ni haki yake kulipa na kuondoka.

Sasa lile dai la "nimeumizwa". Hili ndilo linalonimalizia subira, nisamehewe. Wananchi wamesikia kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza kuumiza hisia za dini, na ni kweli. Kifungu cha 129 kinataja hata kuweka kitu mbele ya macho ya mtu, na adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja. Lakini kinataka nia, makusudi ya kuumiza. Jirani aliyewasha nyota ya karatasi barazani hakukusudia wewe. Aliikusudia Krismasi. Anayechukua sanamu ya nguruwe akaisimamisha mbele ya lango la msikiti saa ya Ijumaa, huyo tunaweza kuzungumza habari ya nia yake. Kuona kitu cha imani isiyo yako hakujawa jeraha mbele ya sheria. Na ukienda kukibomoa mwenyewe, unaweza kujikuta kwenye kifungu cha 125, kinachohusu kuharibu kitu kinachohesabiwa kitakatifu na kundi fulani kwa nia ya kuitusi dini yao. Umekuja kama mlalamikaji, umeondoka kama mshitakiwa. Leta malalamiko kwa mtendaji.

Nimetumiwa pia, na vijana wa hapa mjini, vipande vya video vinavyodai kwamba Marekani wamepiga marufuku Krismasi hadharani. Krismasi ni sikukuu ya taifa huko tangu 1870. Wanachobishania ni nani ameweka nini, na juu ya jengo la nani. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu yao iliamua shauri la mji wa Pittsburgh lenye mapambo mawili. Pango lililowekwa peke yake kwenye ngazi kuu ya jengo la mahakama lilikataliwa, kwa kuwa lilifanya jengo la umma lionekane kama ndilo linalosali. Nje ya jengo jingine la umma palikuwa na menorah, kinara cha taa cha Wayahudi, chenye futi 18, kikiwa kando ya mti wa Krismasi wa futi 45. Hicho kikaachwa. Mwaka 2022 mji wa Boston nao ulishindwa, majaji wote tisa wakikubaliana. Kwa miaka 12 mji ule ulikuwa umeruhusu hafla 284 za kupandisha bendera za vikundi mbele ya ukumbi wake bila kumkataa yeyote, halafu ukaikataa bendera moja kwa sababu ni ya Kikristo.

Hukumu hizo hazitufungi sisi. Nazitaja kwa sababu shauri la Boston ndilo linalonifanya niwe mkali na rejista ya vibali. Nikimpa mmoja kiplefti kwa siku kumi kwa maneno ya mdomo, kisha mwingine nikamdai barua na mchoro, sitakuwa na la kumjibu akifungua Ibara ya 13 mbele yangu. Usawa ninaoweza kuuonyesha ni ule ulioandikwa kwenye daftari.

Na kalenda haitungoji. Sikukuu za Kiislamu huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2015 Maulid iliangukia Desemba, karibu kabisa na Krismasi. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, Krismasi ikiwa ndiyo kwanza imepita. Kiplefti ni kimoja. Ningeshauri kamati za amani za viongozi wa dini zianze kulizungumza sasa. (Mkrismasi, ule mti wa maua mekundu unaochanua kila Desemba bila kibali cha mtu, tumeusamehe.)

Kosa letu pia nilitaje, maana si haki kuwasema wananchi peke yao. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi zamani, askari mgambo alitumwa kukagua pango lililokuwa na kibali halali. Alirudi na taarifa ya maandishi: kibanda cha makuti, wanyama wanne wa plasta, kihori kitupu, mradi umetelekezwa, napendekeza kiondolewe. Ilikuwa tarehe 20 Desemba. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mtoto Yesu halazwi kihorini mpaka usiku wa tarehe 24. Gari la kubebea lilikuwa limeshawashwa.

Mwisho wa kibali ndio unaosahaulika na kila upande. Kuweka kuna kamati, nyimbo na sare. Kutoa hakuna kamati. Bendera za kijani zikikaa juani miezi minne huwa nyeupe na kuchanika, kisha kamba hubaki imemkaba mwarobaini shingoni. Safari moja tulikwenda kuzishusha kwa ngazi, na kijana wetu akawa anazirundika kwenye mfuko wa taka. Mzee mmoja aliyekuwa anauza ndizi pale alisimama akamwambia taratibu, "Mwanangu, hizo zina jina la Mungu." Zilikuwa zimeandikwa kalima. Tukazitoa kwenye mfuko, tukazikung'uta vumbi, tukazikunja. Tangu siku ile maelekezo kwa wafanyakazi wetu ni kwamba pambo la dini yoyote linaloondolewa halitupwi dampo: linaandikwa, linahifadhiwa, na uongozi wa taasisi husika unaitwa kulichukua.

Bendera zile bado ziko stoo, juu ya kabati la kushoto, pamoja na nyota mbili za waya na bango la Pasaka lisilo na mwenyewe. Anayezijua aje siku za kazi na barua ya uongozi wake. Hakuna malipo.