Mti wa mgeni rasmi: hivi hizi kampeni za kijani zinasaidia kweli?

Kila mwaka ikikaribia tarehe 5 Juni simu yangu haipumziki. Ofisi hii inataka miche mia tano, kampuni ile inataka elfu mbili, mwingine ananiambia bila aibu "bwana misitu tuletee ile inayoonekana kwenye picha, isiwe midogo sana". Mi nna kitalu hapa Moshi, nimesomea misitu na hii ndo kazi inayonilisha, kwa hiyo ukiniuliza kama kampeni za kijani za makampuni na serikali zinasaidia kwenye mabadiliko ya tabianchi ujue unamuuliza muuza miche, yaani nna maslahi. Ila acha niseme tu, wateja wakipungua basi.

Tuanze na hiyo tarehe. Siku ya Mazingira Duniani inaadhimishwa 5 Juni tangu 1973 na aliyeipanga hakuangalia mvua za Moshi. Masika yetu yanaanza Machi, Aprili ndo yenyewe, Mei yanaisha. Juni ni baridi na mawingu yamefunika mlima mpaka mgeni anadhani mvua inakuja saa yoyote, kumbe udongo unakauka chini kwa chini na vuli ya maana mpaka Novemba huko. Mche uliopandwa Juni unatakiwa uvuke miezi mitano hivi bila mvua na mizizi yake bado ni ile ile ya kitaluni. Nani atamwagilia? Kwenye ratiba ya shughuli kuna kuwasili kwa wageni, burudani, salamu, hotuba, kupanda miti, chakula. Kumwagilia hamna.

Alafu namna yenyewe ya kupanda sasa. Miche imekaa juu ya pikapu tangu saa mbili, mgeni rasmi anafika saa tano na nusu jua likiwa utosini, MC anapiga kelele, kamera zimejipanga, mheshimiwa anachukua mche anautumbukiza kwenye shimo na kiriba chake. Na kiriba chake! Nshaona hii zaidi ya mara moja na nikanyamaza, utamwambiaje mtu mbele ya kamera kwamba amekosea kupanda mti. Kwa msiojua, kile kifuko cha plastiki lazima ukichane ukitoe, usipokitoa mizizi inazunguka mle mle kama mbuzi aliyefungwa kamba, mti unadumaa na siku upepo ukivuma unalala. Na vile viriba vilivyochanwa na wanaojua kuchana, ukirudi kesho yake vimezagaa uwanja mzima, siku moja baada ya siku ya mazingira.

Kuna kampuni moja siitaji ilinipa kazi ya kupanda migrevilia na miringaringa kwenye mteremko mmoja huku juu. Hela walilipa vizuri, tisheti walinipa mbili. Mwaka uliofuata nikawaambia jamani tutenge kidogo kwa palizi na kuhesabu ipi imepona ipi imekufa, nikajibiwa bajeti ilikuwa ya tukio. Nikaenda mwenyewe kwa nauli yangu. Kilichobaki ungeweza kukihesabu umesimama sehemu moja, mingine mbuzi, mingine jua, mingine mtu kafyekea majani ya ng'ombe akafyeka na mche. Mzee jirani wa pale akaniangalia weee akasema, "Mwanangu, ule mgomba wangu pale naulea toka wewe hujazaliwa, nyie mmekuja saa tatu saa nane mmeondoka na maturubai yenu, mlitegemea nini?" Sikuwa na jibu. Kwenye ripoti ya kampuni ile miti bado ipo yote, na nadhani kila mwaka inazidi kuwa mikubwa.

Sasa hesabu kidogo, maana hapa ndo watu wanadanganyana. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa (ndio, inazidi uzito wa lita yenyewe, kwa sababu kaboni ya kwenye mafuta inajishika na oksijeni ya hewani). Landcruiser moja ikitoka Dar kuja Moshi kwenye uzinduzi na kurudi ni kilomita 1,100 na ushee, weka lita 12 kila kilomita mia, unapata kama kilo 350 za hewa ukaa. Mti uliokomaa, sisemi mche, tunaukadiria kunyonya kama kilo 20 kwa mwaka. Kwa hiyo gari moja tu la msafara limeshakula kazi ya mwaka mzima ya miti 17 au 18 mikubwa, na miche waliyopanda siku ile itafika huko baada ya miaka kumi kama imepona. Msafara una magari mangapi? Hesabu mwenyewe.

Upande wa serikali namba ni kubwa zaidi kwa hiyo tuzipige vilevile. Agizo ni kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Halmashauri za bara ni 184, ukizidisha unapata miti milioni 276. Inasikika kama mambo makubwa na mimi ni kati ya wanaofurahia maana inauza miche. Lakini ukipanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu hekta moja inabeba miti 1,111, kwa hiyo hiyo milioni 276 ni kama hekta laki mbili na nusu, na hapo nimejifanya hakuna hata mche mmoja uliokufa. Takwimu za serikali yenyewe zinasema tunapoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Yaani hata muujiza ukitokea kila mche ukapona tunarudisha nusu na kidogo ya tunachopoteza, tena unarudisha msindano na mkaratusi mahali palipokuwa na msitu wa asili. Na jamani mkaratusi msipande karibu na chemchemi, nimechoka kulisema hili.

Kwa hiyo swali ninalowauliza wateja wangu sio mmepanda mingapi. Nauliza mmeacha kuchoma nini, na iliyopo nani anailinda.

Hapo kwenye kuchoma serikali nawapa maksi, japo sio zote. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na hili ni jambo la maana kuliko tisheti zote nilizowahi kupewa, kwa sababu tanuru la udongo la kienyeji linakula kilo tano mpaka kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Shida ni utekelezaji wa kugawa mitungi. Mama anapewa mtungi wa kilo sita, wanapiga naye picha, ukiisha anauangalia tu maana kuujaza ni hela ya mara moja wakati mkaa unanunua kwa kopo. Na hata anayejaza, nenda jikoni kwake uone: gesi ni ya chai na mayai, maharage na makande yako nje kwenye jiko la mkaa yanatokota tangu asubuhi. Kwetu Kilimanjaro mtu asiyegusa makande hajaligusa tatizo. Mimi nyumbani natumia jiko la umeme la presha, maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja, na mke wangu ambaye alilipinga wiki mbili nzima sasa hivi hataki mtu alishike. Wapo wanaosema gesi nayo ni mafuta ya ardhini, ni kweli, lakini kwa mazingira yetu mtungi unaookoa mti uliosimama mi nauchukua.

Mengine yanayosaidia wala hayana sherehe ya kijani. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, limejengwa kwa sababu tulichoka mgao, sio kwa sababu ya tabianchi. Treni ya umeme ya Dar mpaka Dodoma ilianza 2024 watu wakishangilia mwendo kasi. Hapa kwetu kiwanda cha sukari cha TPC wanachoma makapi ya miwa kuzalisha umeme. Kila mmoja wa hao amepunguza dizeli au gesi fulani isiungue kuliko siku zote za kupanda miti unazozikumbuka. Serikali hiyo hiyo lakini ina asilimia 15 kwenye bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima mpaka Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, kwa hiyo ukiwasikia wanajiita wa kijani wasikilize na sikio moja.

Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 watu wananipigia sana mfano. Lilikuwa zuri, mitaro ya Moshi ilipumua, na lilifanikiwa kwa sababu kulikuwa na sheria na faini, sio ombi. Ila hiyo ni taka, joto la dunia ni habari nyingine. Tukichanganya hayo mawili kampuni inabadilisha kifungashio inajiita imeokoa tabianchi huku jenereta inanguruma nyuma ya ofisi.

Biashara ya kaboni ndo naulizwa zaidi siku hizi, hasa na watu wa utalii wa Arusha wanaotaka kumwambia mzungu safari yako haina kaboni. Wazo lake: anayetoa hewa ukaa anakulipa kwa msitu ambao ungekatwa ukaulinda. Neno zito hapo ni "ungekatwa". Ni sawa na mtu akuambie nilipanga kuchinja ng'ombe kumi, nimechinja wawili, nilipe wale wanane niliowahurumia. Utajuaje alipanga? Utajuaje hata ana kumi? Ndicho kilichotokea 2023, gazeti la The Guardian na wenzake walipochapisha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya kredi za misitu ya mvua (vile vyeti vya kaboni vinavyouzwa) walizochunguza chini ya Verra, shirika linaloziidhinisha, huenda ni hewa tupu, Verra wakakataa. Lakini sitaki kuzika kila kitu hapo. Bonde la Yaeda kule Mbulu Wahadzabe wanalipwa kwa kulinda msitu wanaoishi ndani yake, wanaoutegemea kwa asali na mizizi, na mashamba yalikuwa yanauingilia kweli. Pale ng'ombe unamuona kwa macho.

Na mlima wenyewe? Barafu imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, hakuna mche wa kitalu changu utakaoirudisha. Ila maji tunayokunywa huku chini hayatokani sana na barafu, yanatokana na msitu unaokamata mvua na ukungu, na ule msitu unaungua. Oktoba 2020 uliungua, Oktoba 2022 tena, watu wakapanda na matawi mikononi kuzima. Kampuni ikinifuata na hela naiambia kila mara, lipeni vijana wa kusafisha njia za moto na kukaa doria Septemba na Oktoba. Hakuna aliyekubali mpaka leo. Njia ya moto ni mstari wa udongo mtupu, haipendezi kwenye kalenda.

Juzi kuna mmoja kanipigia, miche elfu tatu, tarehe tano Juni. Nikamwambia ndugu yangu hela chukua nusu, tupande Machi mwishoni, nusu nyingine tuipeleke kwenye palizi miaka mitatu. Akanyamaza, akasema ngoja niongee na bosi. Jioni akarudi: bosi kaipenda sana, tatizo mgeni rasmi Machi ana ratiba, ana nafasi Juni tu. Miche iko kitaluni, nimemwambia aje na maji.