Stakabadhi Si Kibali cha Ujenzi

Kwenye kaunta ya udhibiti ujenzi hapa Dodoma, lalamiko linalotufikia zaidi siku hizi ni hili: "Nimelipia, mbona mmenisimamisha?" Mwananchi mmoja wa upande wa Nala alikuja na stakabadhi yake kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, safi kabisa. Kibali hana. Nyumba imeshafika kwenye lenta, na shimo la choo kalichimba ndani ya hifadhi ya barabara.

Tunaamini wengi hawana nia mbaya. Lakini stakabadhi inathibitisha kwamba ada imepokelewa, basi. Baada ya hapo jalada linaanza safari: afisa mipango miji anaangalia kama jengo linaendana na matumizi ya kiwanja, afisa ardhi anahakiki umiliki, mhandisi anapitia michoro ya miundo, afisa afya anatazama choo na madirisha. Mmoja wao akiwa na hoja, jalada linarudi kwa mwombaji arekebishe. Likipita kote ndipo kibali hutolewa kwa maandishi, pamoja na michoro iliyogongwa muhuri. Nakala ikae saiti, si kabatini nyumbani.

Halafu kuna "kiwanja ni changu". Ni chako, hakuna anayebisha. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inachodai ni idhini ya mamlaka ya upangaji kabla hujakiendeleza, na mamlaka hiyo hapa ni Halmashauri ya Jiji. Wapo wanaodhani mambo haya yaliondoka na CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Iliyovunjwa Mei 2017 ni CDA. Sheria ipo palepale.

Kwa wanaopandisha ghorofa, naomba tusikilizane. Sheria za usajili wa wahandisi na wa makandarasi, zote za mwaka 1997, hazimtambui "fundi mzoefu" kama mbadala wa mhandisi au mkandarasi aliyesajiliwa. Jengo la Kariakoo liliporomoka Novemba 2024 na kuua watu, na sisi huku tumekaa jirani na Bonde la Ufa, ardhi ikitikisika tunaisikia. Mchoro ukisema nondo ya milimita 16, ya 12 si "karibu sawa". Na msingi uliopigiwa hesabu ya nyumba ya chini haubebi ghorofa kwa sababu tu mwenye nyumba amepata fedha.

Mkaguzi akikuta ujenzi usio na kibali, hutoa notisi ya kusimamisha kazi. Anayekaidi anaweza kufikishwa mahakamani, na jengo likaamriwa kubomolewa kwa gharama za mwenyewe. Alama ya X nyekundu ukutani haifutwi kwa chokaa. Tumeshakuta ukuta uliopakwa upya, rangi bado mbichi. Kukataa kusaini notisi nako hakusaidii. Mkaguzi huandika "amekataa kupokea", huibandika mlangoni, nakala hubaki kwa mwenyekiti wa mtaa.