"Gesi ya AC imeisha": maana yake hasa

Peleka pikapu ya zamani gereji hapa Tabora mwezi wa kumi, jua kali na mvua bado hazijaanza, useme AC haipoozi. Kabla hata boneti haijafunguliwa utaambiwa: "Gesi imeisha, mzee. Tujaze." Mimi nimejaza mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na kila mara ubaridi ulidumu wiki chache tu.

Kinachotupoteza ni neno gesi. Tumezoea ya jikoni: inawaka, mtungi unabaki mtupu, unabadilisha. Ya AC haiwaki wala hailiki, inazunguka tu. Kompresa huibana ikapata moto. Ikipita kwenye kondensa, ule wavu ulio mbele ya rejeta, upepo huipunguzia joto mpaka igeuke kimiminika. Halafu hupenyezwa kwenye kitundu chembamba cha valvu, presha ikashuka ghafla, ikachemka ndani ya ivaporeta nyuma ya dashibodi. Ndiyo, inachemka! R134a, gesi ya AC za magari mengi, katika presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na katika kuchemka huko ndiko inakonyonya joto la ndani ya gari. Kisha hurudi kwenye kompresa, safari inaanza upya.

Kwa hiyo "imeisha" maana yake ni imetoka. Mipira ya zamani huipitisha kidogo kidogo kwa miaka, hilo ni la kawaida. Lakini ikitoka ndani ya wiki tatu, pana tundu.

Tundu lenyewe huacha alama, kwa sababu gesi husafiri na oili ya kulainisha kompresa. Inapopenya, oili nayo hupenya, na vumbi hunasa hapohapo. Kwenye pikapu yangu bomba zima lilikuwa na vumbi jekundu la kawaida, kavu, ukipuliza linaruka. Ila kwenye kiungo kimoja chini ya kompresa palikuwa na pete nyeusi yenye unato, kama ugoro uliolowa. Tukapaka povu la sabuni, likaanza kutoa vipovu vidogo vidogo. Ringi ya mpira ilikuwa imekauka na kupasuka. Bei yake ni chai na chapati mbili. (Kiungo chenyewe usikifungue gesi ikiwa bado ndani: ikikurukia huunguza ngozi kwa baridi, na macho ni hatari zaidi.)

Si kila AC yenye joto imepungukiwa gesi, lakini. Washa, uangalie uso wa kompresa: klachi yake (kiungo kinachoishikanisha na mkanda wa injini) isiponasa, anza na fyuzi, rilei na waya. Gesi ikipungua sana swichi ya presha nayo huzuia klachi, ndiyo maana watu huchanganya. Inapooza ukiwa mwendoni kuelekea Urambo lakini ukisimama sokoni inatoa joto? Tazama feni, na kondensa iliyozibwa na vumbi na wadudu. Mwagia kondensa maji huku AC ikifanya kazi. Ubaridi ukirudi, shida ni upepo.

Geji nayo ina ujanja wake. Gari likiwa limezimwa na limepoa, kwenye joto la nyuzi 30, itasoma karibu psi 97 hata kama gesi ni nusu ya inayotakiwa, mradi bado kuna kimiminika ndani. Kiasi hupimwa kwa mizani, kwa gramu. Anayejaza kwa kukadiria huzidisha, presha ikapanda, ubaridi ukapungua badala ya kuongezeka.

Na kabla ya kujaza, mfumo uliofunguliwa lazima uvutwe hewa kwa pampu ya vakyumu. Unyevu ukibaki huganda kwenye valvu: AC inapooza, inakata, inarudi tena. Nikikuta fundi hana pampu hiyo, naondoka.

Kwa pikapu zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 kuna la ziada. Zilitumia R12, iliyopigwa marufuku kwa kuharibu tabaka la ozoni, kufuatia Itifaki ya Montreal ya 1987. Kuhamia R134a kunadai oili nyingine na viungio vingine vya kujazia. Wapo wanaoshauri gesi ya kupikia. Inapooza kweli, ila umeketi nyuma ya mtungi wa moto unaovuja. Mimi siipendekezi hata kwa adui.

Yangu tuliibadilishia ringi na draya, kile kichungi kinachonyonya unyevu, tukavuta hewa, tukajaza kwa mizani. Mvua zilipoanza jirani akanigongea geti kuniambia rejeta yangu inavuja, maji yanadondoka chini upande wa abiria. Nilimwonyesha kuwa ni unyevu wa hewa tu, umegeuka maji kwenye ivaporeta baridi na kushuka kwa bomba lake. Akainama, akakinga matone kiganjani, akasema ni baridi kama ya mtungini.