Jalada lililonusurika jenezani

Vitabu vingi vya Uingereza ya enzi za kati vimetufikia vikiwa na majalada ya watu wa baadaye. Mwenye kitabu mpya aliagiza kifumuliwe, kingo za kurasa zikatwe, kisha kijalidiwe upya kwa mtindo wa zama zake. Hata Injili za Lindisfarne, fahari ya watawa wa kisiwa cha Lindisfarne huko kaskazini, leo zimo ndani ya jalada la karne ya 19. Kwa hiyo sisi wajalidi tunaipenda mno Injili ya Mtakatifu Cuthbert. Hakuna kitabu cha Ulaya kikongwe kuliko hicho kilichobaki kizima na jalada lake la kwanza.

Ni kidogo, milimita 138 kwa 92, chenye Injili ya Yohana kwa Kilatini, na kiliandikwa mwanzoni mwa karne ya 8 katika monasteri ya Wearmouth-Jarrow. Mbao zake zimevikwa ngozi ya mbuzi yenye rangi nyekundu. Katikati ya jalada la mbele, mmea unachipuka kutoka kwenye kikombe, mashina yake yametuna kwa sababu umbo lake lilifinyangwa kwanza juu ya ubao, ndipo ngozi ikavutwa na kubanwa kulifuata.

Lakini kinachonisisimua zaidi ni mshono. Mgongoni hakuna kamba wala ukanda wa kushikilia: kila kunjo la kurasa limenaswa na uzi kwenye kunjo lililotangulia, kitanzi ndani ya kitanzi kama mnyororo. Huo ndio mshono wa Wakopti, Wakristo wa Misri, na mafundi wa Ethiopia wanaushona mpaka leo.

Cuthbert mwenyewe, mtawa na askofu wa Lindisfarne, hakukisoma, kwani alifariki mwaka 687. Kiliwekwa ndani ya jeneza lake, na watawa wa Lindisfarne walipowakimbia Waviking mwaka 875 walilibeba jeneza hilo, hadi likatulia katika mji wa Durham mwaka 995. Lilipofunguliwa mwaka 1104, kitabu kikakutwa humo.

Watawa wa Durham wakakitunza ndani ya mfuko wa ngozi nyekundu, na mgeni wa heshima aliruhusiwa kukivaa shingoni. Reginald, mtawa wa Durham wa karne ya 12, anasimulia kuwa mwandishi mmoja, John, alikishika baada ya kula bila kunawa mikono, akashikwa na baridi kali. Kwangu mimi kisa hicho ni ushahidi mzito: kitabu kinachoogopwa kiasi hicho, nani angethubutu kukifumua?

Mfalme Henry VIII alipozivunja monasteri, kikatoka Durham. Katika karne ya 17 yaonekana kilikuwa kwa Thomas Allen, msomi wa Oxford. Baadaye Earl wa Lichfield alimpa padre Mjesuiti Thomas Phillips, naye akakitoa kwa chuo cha Wajesuiti Waingereza mjini Liège, katika Ubelgiji ya leo, tarehe 20 Juni 1769. Chuo kilihamia Stonyhurst, Lancashire, mwaka 1794.

Habari za Lichfield na Phillips tunazipata kwenye karatasi ya Kilatini iliyobandikwa upande wa ndani wa jalada. Karatasi za namna hiyo ndizo za kwanza kupotea fundi anapobadilisha mbao, na mwenye kitabu wa zamani hupotea nazo.

Mwaka 2012 British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilikinunua kwa pauni milioni 9, kwa makubaliano kwamba Durham nayo ipate zamu ya kukionyesha.