Mtoto wa jicho: protini za lenzi zinapoharibika

Mtoto wa jicho ni nini hasa?

Ni ukungu unaotokea ndani ya lenzi, iliyo nyuma ya mboni. Kinyama kinachoota juu ya weupe wa jicho ni ugonjwa mwingine, ingawa watu wengi huvichanganya.

Protini zinahusikaje?

Takriban theluthi moja ya uzito wa lenzi ni protini, na nyingi kati ya hizo huitwa kristalini. Zimesongamana kwa utaratibu unaoruhusu mwanga kupita bila kutawanyika. Seli za lenzi zinapokomaa hupoteza viini vyake, na kwa sababu hiyo haziwezi tena kutengeneza protini mpya. Protini zilizo katikati kabisa ya lenzi ya mzee wa miaka 70 zilitengenezwa kabla hajazaliwa. Katika muda wote huo hupigwa na miale ya jua na kuharibiwa na kemikali zinazotokana na oksijeni, hadi umbo lake linaharibika na zinaanza kushikana. Kristalini ya alfa, aina mojawapo ya protini hizo, huzidaka zilizoharibika zisigandamane, lakini akiba yake hupungua kadiri umri unavyosonga. Hatimaye hutokea mabonge yanayotawanya mwanga, na lenzi hupoteza uangavu wake kama ute wa yai unaochemshwa.

Mbona wengine huupata mapema?

Kisukari ni sababu kubwa: sukari iliyozidi hunata kwenye protini, na sehemu yake hugeuka sorbitoli, kemikali inayofanana na sukari, ambayo huvuta maji ndani ya lenzi. Sigara, jeraha la jicho na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huchangia pia. Mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nao kwa kurithi kasoro katika jeni za kristalini, au kwa sababu mama yake aliugua rubela akiwa mjamzito. Mboni nyeupe kwa mtoto ni jambo la dharura, kwa kuwa ubongo wake hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na pia huenda weupe huo ukawa dalili ya saratani ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Je, kuna protini nyingine za jicho zinazoleta maradhi?

Zipo. Rodopsini, inayopokea mwanga hafifu kwenye retina, ikirithiwa ikiwa na kasoro huweza kuua seli polepole, na mgonjwa huanza kwa kutoona vizuri usiku.

Matone au miti shamba vinaweza kuyeyusha mtoto wa jicho?

Hapana. Hakuna dawa iliyothibitishwa kurudisha protini hizo katika umbo lake. Tiba ni upasuaji wa kuondoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia, kazi iliyofanywa kwanza na daktari wa macho Harold Ridley mjini London mwaka 1949.

Ni lazima kusubiri mpaka uive?

Ushauri huo umepitwa na wakati. Lenzi iliyoachwa ikawa ngumu mno huongeza ugumu wa upasuaji, hivyo ni vyema kumwona daktari wa macho mara ukungu unapoanza kuzuia kusoma, kushona au kutembea kwa usalama.