Dakika tatu zilizotibua hesabu zetu

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2006, darubini nne za H.E.S.S., zinazowinda mionzi ya gama (mwanga wenye nishati kubwa kupita yote), kule nyanda za juu za Khomas, Namibia, zilikuwa zikiitazama PKS 2155-304. Hiyo ni blaza: galaksi ambayo shimo jeusi lililo katikati yake hurusha mkondo wa chembe kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na mkondo wenyewe umetuelekea sisi. Ni sawa na kumulikwa tochi usoni. Aliyesimama pembeni haoni makali yake.

Mionzi ya gama haifiki ardhini. Ikigonga anga la juu huzaa mvua ya chembe, na mvua hiyo hutoa mwako wa buluu usiodumu zaidi ya nanosekunde chache. Kwenye kamera, mwako huo huonekana kama kokwa ya tende iliyolala. Kamera nne zikiiona kutoka pembe tofauti, unachora mstari kufuata urefu wa kila kokwa. Mistari inapokutana ndiko mionzi ilikotoka. Protoni nazo huleta mvua zao, ila kokwa zake zimevurugika. Hizo tunazitupa, na ndizo nyingi mno.

Mimi sikuwepo, data niliikuta baadaye. Usiku ule blaza iling'aa kwa wastani mara 7 ya Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka ambayo ndiyo kipimo chetu cha kila siku. Sawa, blaza zina vituko. Kilichoninyima usingizi ni kwamba mwanga ulikuwa ukiongezeka maradufu kwa dakika 3 hivi.

Kitu hakiwezi kubadilika chote haraka kuliko muda ambao mwanga unachukua kukivuka. Shimo jeusi la pale hukadiriwa kuwa na uzito wa majua bilioni 1. Nusu kipenyo chake tu, mwanga hukipita kwa karibu sekunde 10,000. Sasa hizi sekunde 200 zimetoka wapi? Mkondo unaotujia mbio hubana muda, ndiyo, lakini hapa inabidi uubane mara 50 au zaidi. Wenzetu wa redio, wakipima mafundo (mabonge yanayong'aa) kwenye mikondo ya blaza za aina hii, huona mwendo usiotosha kubana muda kiasi hicho.

Modeli ya kanda moja, inayochukulia kwamba mwanga wote unatoka eneo moja la mkondo, ina elektroni zinazong'aa kwenye uga wa sumaku, kisha elektroni hizo hizo zinazipiga fotoni (chembe za mwanga) zilizotoa na kuzipandisha nishati. Ndiyo maana grafu ya mwanga kwa kila nishati ina nundu mbili. Ina vigezo kama 9, na nikivisogeza kidogo kidogo mstari hupita juu ya nukta zote vizuri hadi naona aibu. Ila ukiifinya kanda itoshe dakika 3 bila kuongeza mwendo, fotoni hugongana humo humo, zikageuka elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), na gama haitoki.

Mimi naegemea vifuko vidogo ndani ya mkondo, vinavyokwenda kasi kuliko mkondo wenyewe, pengine vikisukumwa na mistari ya sumaku inayokatika na kuungana upya. Nimeanza na viwili. Vigezo vimeshafika 17.